Anatunga uzi kwenye sindano, ubaoni haoni kitu

Mtoto asiyeona mbali haji kukwambia kwamba haoni. Atakwambiaje, wakati dunia anayoijua ni hiyo hiyo yenye ukungu? Anajua ubao ni kitu cheusi chenye michirizi myeupe, na anaamini wenzake wote wanaona hivyo, ila wao wana akili za kukisia kilichoandikwa. Nimefundisha shule za msingi za serikali mkoani Morogoro kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa pia mwalimu wa afya, kazi ambayo huongezwa juu ya vipindi bila posho. Sijawahi kupokea mtoto wa darasa la tatu au la nne aliyekuja mwenyewe akasema, "Mwalimu, mbali sioni." Wanaokuja kulalamika ni wanaowashwa macho, wenye aleji ya vumbi, wanaoamka na matongotongo. Huyu ninayemzungumzia macho yake ni safi, mazuri kabisa kuyatazama.

Yeye anajitafutia njia. Anakunja uso na kubana macho. Anakaa na mwenzake mwenye mwandiko mzuri na kunakili kutoka daftari la mwenzake, si ubaoni, na hapo ndipo anapopewa jina la mwizi wa majibu. Wengine wakiwa wamefika swali la nne, yeye bado la kwanza. Mwalimu akifuta ubao, daftari lake lina nusu ya zoezi. Uwanjani anauona mpira ukiwa umeshamfikia usoni. Njiani anapishana na watu wazima bila kuwaamkia, kwa sababu mpaka amtambue mtu, mtu ameshapita. Mtaani inasemwa mtoto wa fulani hana shikamoo, ana kiburi cha mamaye. Nimesuluhisha kesi za namna hiyo ambazo dawa yake ilikuwa miwani.

Kinachotupoteza walimu zaidi ni kitabu. Mtoto huyu anasoma kitabu bila kukwama, wakati mwingine ndiye msomaji bora wa darasa. Mwalimu anayemsikia akisoma hadithi kwa sauti anamaliza shauri palepale: macho anayo, shida ni uvivu.

Kijana mmoja mtaalamu wa miwani, aliyesomea Moshi pale hospitali ya KCMC, ndiye aliyetueleza vizuri walimu wa kata yetu. Jicho la mtoto huyu limekua kwa urefu kupita kiasi, kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanga wa vitu vya mbali unakusanyika kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, kwa hiyo picha inafika imetawanyika. Vitu vya karibu havina taabu. Kisha akatupa hesabu ambayo naitumia mpaka leo. Namba ni nguvu ya lenzi anayoihitaji mtoto, na ya asiyeona mbali huandikwa hasi. Mwenye namba hasi 1 anaona vizuri mpaka mita moja. Mwenye hasi 2, nusu mita. Mwenye hasi 3, sentimita 33, yaani umbali wa kitabu mkononi, na baada ya hapo ni ukungu unaozidi kuwa mzito.

Hesabu hiyo ilimaliza ubishi wa dawati la mbele ofisini kwetu. Desturi ilikuwa kwamba mtoto akishukiwa kutoona, anahamishiwa mbele na suala linafungwa. Darasa lenyewe lina watoto mia na ushee, dawati la watoto watatu wanakaa watano, na hilo dawati la mbele liko mita mbili kutoka ubaoni. Kwa mwenye hasi 1 pana nafuu. Kwa mwenye hasi 3 umemhamisha kutoka ukungu mmoja kwenda mwingine, na bado wa nyuma yake wanalalamika kwamba mrefu amekaa mbele. Sisemi wasisogezwe, wasogezwe, lakini mtu asijidanganye kwamba amemaliza.

Siku ya kupima tunatumia chati ya herufi E iliyogeuzwa pande nne, si ile yenye herufi mbalimbali iliyoanzia kwa Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862. Uzuri wa E ni kwamba hata wa darasa la kwanza asiyejua kusoma anakuonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. Mita sita tunazipima kwa kamba ya katani yenye fundo kila mwisho. Chati tunaitundika barazani, mahali penye mwanga wa kutosha, na mtoto hasimami akitazama jua.

Mambo mengine hayamo kwenye semina. Watoto waliokwisha kupimwa hujipanga nyuma ya mwalimu anayeshika fimbo ya kuonyeshea herufi, wakawaonyesha wenzao majibu kwa vidole. Huruma ya mtoto kwa mwenzake ni kubwa, na siku hiyo inaharibu kazi. Tunawarudisha darasani mmoja mmoja kwa mlango wa pili. Jicho linafunikwa kwa kiganja, maana akitumia vidole anachungulia katikati. Na asilikandamize, kwa sababu likifunguliwa baadaye litaona maruweruwe na utamwandika haoni bure. Halafu kuna kubana macho. Mtoto wa kutoona mbali ameshagundua mwenyewe kwamba akifinya kope picha inasafika kidogo, kwa hiyo usipomwambia afumbue macho wazi atavuka mistari miwili asiyostahili.

Mwanya ule mdogo wa kope ndio ulionifundisha kazi ya tundu. Nachukua jalada gumu la daftari kuukuu, nalitoboa kwa msumari mwembamba, namwambia mtoto aliyeshindwa chati atazame tena kupitia tundu hilo. Akisoma mistari ambayo dakika moja iliyopita hakuiona, karibu kila mara ni tatizo la miwani tu. Wengine hushtuka. Kuna mvulana aliyelitoa jalada usoni, akalirudisha, akalitoa tena, akaniuliza kama anaweza kuondoka nalo nyumbani. Asiyeona hata kwa tundu ndiye ninayemkimbiza hospitali haraka zaidi, kwa sababu anaweza kuwa na mtoto wa jicho au kovu, mambo ambayo miwani haiyawezi. Lakini kusema ni kipi kati ya hayo si kazi yangu. Mwalimu anaishia kwenye "anaona" na "haoni". Kwetu asiyevuka mstari wa 6/12, yaani anayehitaji kusimama mita 6 kuona kile ambacho jicho zima linakiona kwenye mita 12, anaandikiwa karatasi ya rufaa.

Wengi wanavuka, na hilo liwekwe wazi. Kutoona mbali kwa watoto wa huku kwetu bado si janga kama kulivyo katika miji ya mashariki ya Asia, ambako vijana wanaomaliza sekondari bila tatizo hilo ndio wachache. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta wasioona mbali ni asilimia 5.6. Ukiipeleka asilimia hiyo kwenye darasa la watoto mia, ni watano au sita. Kilichonikaa kichwani ni kingine: kati ya waliohitaji miwani, waliokuwa nayo walikuwa kama watatu tu katika kila kumi. Hao walikuwa wameshapita shule ya msingi nzima.

Na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa ngumu. Kumpata mtoto asiyeona ni rahisi. Kamba, chati na asubuhi moja vinatosha. Kati ya karatasi ya rufaa na miwani iliyokaa puani kuna safari ndefu ambayo hakuna semina iliyonieleza.

Binti mmoja wa darasa la nne alikuwa anaishi na bibi yake, mama wa makamo aliyezoea kushona vitambaa vya makochi kwa mkono. Karatasi ilipelekwa nyumbani, ikakaa. Mwaka ule tulikuwa tunawaandaa kwa Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, nikaona nisisubiri, nikaenda mwenyewe jioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu, karibu. Kafanya nini tena huyu?"

Nikamweleza. Bibi akacheka kwanza. "Huyu haoni? Mwalimu, huyu ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano. Asiyeona ni mimi."

Ungemjibu nini? Ushahidi wake ulikuwa wa kweli, na sindano alikuwa ameishika. Nikamwuliza kama anawaona wale mbuzi waliofungwa ng'ambo ya korongo. Akasema anawaona, weupe wawili na mmoja wa madoadoa, wa jirani yake, na kamba ya yule wa madoa imejizungusha mtini. Nikamgeukia binti nikamwuliza mbuzi wako wangapi. Akauliza, "Mbuzi wapi, mwalimu?"

Bibi akamtazama mjukuu wake muda mrefu, kisha akaanza kuhesabu mambo mwenyewe. Kumbe ndiyo maana akimpungia mkono aje haji. Kumbe ndiyo maana alimpita mjomba wake sokoni. Nilimwambia kwamba yeye na mjukuu wake wana macho ya kinyume: lenzi ya jicho la mtu mzima imekakamaa, haiwezi tena kujikunja kwa ajili ya kitu cha karibu, wakati jicho la mjukuu limerefuka, picha ya kitu cha mbali inaishia kabla ya kufika nyuma. Alielewa haraka kuliko walimu kadhaa ninaowafahamu. Wiki iliyofuata walikuwa hospitali wote wawili, na bibi naye akarudi na miwani yake ya kushonea.

Si wote wana mbuzi wa kuonyesha. Baba mmoja dereva wa bodaboda alinisikiliza kwa heshima zote, akauliza bei, akanyamaza akipiga hesabu. "Mwalimu, hiyo ni hesabu ya tajiri ya wiki nzima," yaani fedha anayompelekea mwenye pikipiki. Hakuwa anakataa, alikuwa anatafuta njia, na njia aliyoipata ilikuwa miwani ya bei ya chini kwa machinga stendi. Mtoto akaja nayo shuleni Jumatatu, anajigonga kwenye madawati. Miwani ile ya kupangwa kwenye ubao wa machinga ni ya kusomea, ya watu wazima, lenzi zake zimetuna katikati. Asiyeona mbali anahitaji lenzi iliyobonyea katikati, yenye namba hasi. Ukimpa ile ya machinga umemwongezea ukungu juu ya ukungu. Tangu hapo kwenye kila karatasi ya rufaa naandika kwa mkono chini kabisa: asinunuliwe miwani bila kupimwa.

Kuna hofu nyingine ambayo nimeisikia kwa wasomi na wasiosoma, kwamba miwani inalemaza macho, mtoto akianza kuvaa hataacha. Sehemu ya pili ni kweli, hataacha. Ya kwanza si kweli. Jicho linaendelea kurefuka kadiri mtoto anavyokua, avae asivae, mara nyingi mpaka anapokaribia utu uzima, ndiyo maana namba inapanda na miwani inahitaji kupimwa upya karibu kila mwaka. Mzazi anaona namba imepanda, analaumu miwani. Wengine hushauri karoti. Wape karoti, na mchicha, na maini, vitamini A inamkinga mtoto na upofu wa aina nyingine kabisa. Ila karoti haifupishi jicho. Ninayemkatalia bila kupepesa ni anayetaka kutia maji ya majani au asali jichoni. Hapo mtoto anaweza kupoteza jicho ambalo lilikuwa linahitaji kioo tu.

Kilichonisaidia kwa wazazi nilikipata kutoka kwa majirani. Huko Trans Nzoia, Kenya, walimu wa kawaida walipima wanafunzi kwa programu ya simu inayoitwa Peek, mzazi akaonyeshwa picha ya jinsi mtoto wake anavyoona, kisha akakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, yakihusisha shule 50: kati ya watoto walioandikiwa rufaa, asilimia 54 walifika hospitali, wakati kwa utaratibu wa zamani walifika 22. Tofauti kubwa hivyo, na jicho la mtoto ni lile lile. Aliyebadilika ni mzazi, kwa sababu ameona.

Programu sina. Nina simu, na nina mafuta ya kujipaka. Nikapaka mafuta kidogo kwenye kioo cha kamera, nikapiga picha ya ubao wa darasa kutoka dawati la tatu, kisha nikakifuta kioo na kupiga nyingine. Si kipimo cha kitaalamu, na namwambia mzazi hivyo. Lakini ninapoziweka mbili hizo mbele yake na kumwambia hii ndiyo anayoiona mwanao na hii ndiyo wanayoiona wenzake, maelezo marefu hayahitajiki tena. Yule baba wa bodaboda alizitazama, akaomba nimtumie kwa simu. Alimpelekea tajiri wake. Tajiri akamsamehe hesabu ya siku nne.

Ungedhani basi, miwani ikishapatikana tumemaliza. Kuna utafiti mwingine wa Dar es Salaam, wa wanafunzi wa sekondari, uliochapishwa 2008, ambao ningependa kila anayekuja shuleni na boksi la miwani ya msaada na mpiga picha wake ausome. Kundi moja lilipewa miwani bure, lingine likapewa karatasi ya kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wanaivaa au angalau wanayo shuleni walikuwa asilimia 47 kwa waliopewa bure, na 26 kwa walioandikiwa. Bure imesaidia, hilo halina mjadala. Lakini zaidi ya nusu ya waliopewa bure hawakuwa nayo.

Kwetu miwani inakwenda wapi? Mingine imefungiwa kabatini nyumbani. Mzazi ametoa fedha nyingi, anaona si busara mtoto akaichezee shuleni, kwa hiyo inavaliwa Jumapili kanisani au siku ya Idi, na mtoto anakaa darasani wiki nzima bila macho. Mingine iko mfukoni, kwa sababu mtoto ameitwa "macho manne" na "babu" mpaka amechoka. Wasichana ndio huivua mapema zaidi. Wameshaambiwa na shangazi kwamba miwani itawaharibia sura. Mingine imechubuka hadi haifai, maana vumbi la chaki ni kama msasa, na mtoto anafuta lenzi kwa shati kavu. Tunawafundisha kuisuuza kwa maji na kuikausha kwa kipande cha kanga kuukuu. Uzi wa kuifunga nyuma ya kichwa umeokoa mingi kuliko nasaha zangu zote.

Kuhusu utani, niliwahi kuongea paredi na haikusaidia. Watoto walitulia kwa heshima, mapumziko yakaendelea kama kawaida. Kilichosaidia kilikuwa kingine. Mwalimu wetu wa taaluma alikuwa na miwani aliyokuwa akiificha kwenye droo, anaivaa mlango ukiwa umefungwa. Nilimwomba aivae paredi. Alisitasita, mzee wa watu, kisha akaivaa, na kwa kuwa ndiye anayeogopwa kuliko wote, jina la "macho manne" likageuka kuwa la hatari kulitamka. Nakiri ni njia isiyo na heshima sana kwa taaluma ya malezi. Imefanya kazi.

Nyumbani kwa jamaa zangu wa mjini naona upande wa pili wa jambo hili. Watoto wao wanaamka alfajiri kuwahi basi la shule, wanarudi jioni, wanaingia twisheni, wakitoka twisheni wanashika simu. Jua wanaliona kupitia dirishani. Jijini Guangzhou, China, katika shule 12, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu. Walioanza kupata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, na katika shule ambazo hazikuongezewa walikuwa 39.5. Haikuwa dawa wala mazoezi ya macho. Inadhaniwa mwanga mkali wa nje unalifanya jicho litoe zaidi kemikali ya mwili iitwayo dopamini, na hiyo inapunguza kasi ya kurefuka. Kwa hiyo hata anayecheza mdako kivulini nje, macho ameyainamisha kwenye kokoto, bado anapata faida ambayo hataipata sebuleni. Kwa aliyekwisha kuwa na tatizo, rede na kombolela havirudishi jicho nyuma. Miwani iko palepale.

Ndiyo maana nagombana na wenzangu kila darasa la saba linapokaribia mtihani. Kuna tabia ya kuwafungia ndani mapumziko yote mawili, wafanye majaribio ya ziada. Mkuu wa shule aliyepita alinielewa nusu: saa nne watoke, saa saba wabaki. Huyu wa sasa amesema tutaangalia.

Tumehamisha pia siku ya kupima. Zamani tulikuwa tunapima mwezi wa saba, na mtoto akipata miwani mwezi wa tisa mwaka umekwisha. Sasa tunapima mwishoni mwa Januari, madarasa yakishapangwa, na tunaanza na wale waliokwisha kuwa na miwani, maana wao ndio namba zao zinabadilika na hakuna anayewakumbuka. Wanaomaliza darasa la saba walikuwa wanapotea kabisa. Wanafika sekondari, miwani imevunjika likizo, hakuna anayejua kwamba waliwahi kuwa nayo, na kule wanaanza upya kuitwa wavivu. Siku hizi kila mmoja wao anaondoka na barua kwa mwalimu wa taaluma wa shule anayokwenda, yenye namba ya kila jicho na tarehe aliyopimwa mara ya mwisho. Naiandika mwenyewe, mkuu wa shule anagonga muhuri, na nakala inabaki kwenye faili langu, kwa sababu tayari wawili wamerudi kuniomba nyingine.